Kupwa Mara Moja kwa Mwaka: Shajara ya Vidimbwi vya Katonga

Binti wa dada yangu anasoma Tanga. Nilipomwambia kwa simu kwamba tunaanza tena kuhesabu viumbe wa vidimbwi vya miambani hapa Katonga, Kigoma, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mjomba, huko maji yanapwa saa ngapi?"

Nikamjibu, "Novemba."

Alidhani namtania. Kwao Tanga bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti hupita mita 3. Ukichelewa kidogo, kidimbwi ulichokuwa unakichungulia kimeshamezwa na unarudi nyumbani suruali imelowa. Ziwa Tanganyika halina mchezo huo. Mwezi haulisogezi kwa kiasi ambacho jicho litaona. Ila linapwa, kwa namna yake. Mvua zikikatika mwezi Mei, jua na upepo wa kusi vinaanza kulinywa taratibu, kwa sababu sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili huondoka kwa mvuke. Mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, ng'ambo ya Kongo. Kufikia Oktoba au Novemba, mwaka wa kawaida, maji yanakuwa yameshuka karibu sentimita 80. Miamba inatoka nje, mashimo yake yanabaki na maji, na mawimbi ya mchana yanayaongezea.

Kwa hiyo kidimbwi cha Kigoma hakiishi saa sita kama cha Tanga, kinaishi miezi. Sisi tunataka kujua nani anaingia mle, nani anadumu, na nani anakufa kabla ziwa halijarudi.

Tuko sita. Mimi mwalimu wa baiolojia, wanafunzi wanne wa kidato cha tatu, wawili wa kike na wawili wa kiume, na mzee mmoja mvuvi wa Katonga ambaye kazi yake rasmi ni kuhakikisha hatufi. Vifaa vyetu ni kauntabuku, kipimajoto, futi kamba, miwani miwili ya kuzamia, maboya ya kuvaa, na ndoo.

Jumamosi, 24 Agosti 2024

Tumeanza kwa aibu. Oktoba mwaka jana tulipaka namba kwenye mawe kwa rangi nyeupe ya mafuta, 1 hadi 12, ili mwaka huu tuje moja kwa moja. Leo hatukuona hata moja. Tumetembea mwambao wote wa mawe upande wa Bangwe hadi karibu na Katonga, ramani mkononi, na pale ramani ilipoonyesha jiwe palikuwa na maji ya kufika kiunoni. Mzee alikuwa ameegemea kafi lake anatutazama tu.

"Mwalimu, namba zako wanazisoma samaki."

Mvua za msimu uliopita zililijaza ziwa kupita kiasi. Mwezi Mei nyumba za kando ya maji ziliingiliwa, huku kwetu na hata kule Bujumbura na Uvira. Wazee wanaufananisha na mwaka 1964. Ziwa limeanza kushuka, lakini limeanzia ngazi ya juu, na ngazi ya mwaka jana hatutaifikia msimu huu. Kando kando kuna miti imesimama ndani ya maji, imekauka, na ndege aina ya mnandi wamegeuza matawi yake kuwa kichanja cha kukaushia mbawa.

Vijana walivunjika moyo kidogo. Nikawakumbusha Ujiji. Mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871 palikuwa karibu na maji. Leo ukitoka pale kwenye mnara wa kumbukumbu una safari ya miguu kabla hujalowesha kidole. Wakati ule mdomo wa Lukuga ulikuwa umezibwa na matope na matete, ziwa likapanda na kupanda, hadi mwaka 1878 lilipobomoa kizuizi. Miaka iliyofuata likashuka mita zinazokaribia 10. Huko ndiko kupwa. Sisi tumepoteza namba 12 za rangi.

Tumechagua vidimbwi vipya 7, juu zaidi. Safari hii hakuna rangi: tumepima kila kimoja kwa kamba kutoka kwenye mtini mkubwa ulioshika mwamba, na kuchora. Cha 3 ndicho kizuri kuliko vyote. Kina ukubwa wa karai la kuchanganyia zege, kina cha kufika magotini, na ufa upande wa ziwani ambao wimbi kubwa likija linapiga chafya ndani yake.

Ziwa lilifunguliwa kwa uvuvi tarehe 15, baada ya kufungwa miezi mitatu tangu 15 Mei. Kwa hiyo mzee yuko na furaha, na sisi tumelishwa migebuka.

Jumamosi, 7 Septemba

Habari ya ndoo.

Juu ya maji kuna mng'ao wa jua na vijiwimbi, hata kidimbwi cha kufika magotini huoni chini. Dawa yake ni ndoo iliyokatwa kitako na kubandikwa kioo. Unaikandamiza juu ya maji, unainama, na chini kunakuwa wazi kama dirishani. Tulikata ndoo ya rangi ya lita 20, fundi wa madirisha akatukatia kioo cha duara kwa bei ya urafiki, tukabandika kwa silikoni.

Kosa langu: fundi alisema iache ikauke siku nzima. Niliiacha usiku mmoja, na usiku wenyewe wa umande. Leo nimeinama juu ya kidimbwi cha 1, nimeona mkia wa samaki mmoja, halafu kioo kikatoka taratibu kabisa kama mlango unaofunguliwa na mgeni mwenye adabu, kikalala chini. Hakikuvunjika. Mwanafunzi aliyekitoa alipata jeraha dogo kidoleni.

Joto la saa nane mchana: ziwani nyuzi 26, kidimbwi cha 3 nyuzi 29, cha 6 ambacho ni kama sahani nyuzi 34. Ndani ya cha 6 kuna viluwiluwi na mabuu ya kerengende, basi.

Jumamosi, 21 Septemba

Mwezi ulikuwa mpevu katikati ya wiki, kwa hiyo Katonga nzima iko nchi kavu inashona nyavu. Dagaa wanavuliwa kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka taa inakosa kazi. Mwezi wa kwetu hauvuti maji, unafukuza dagaa. Kwa sababu hiyo mzee alikuwa na siku nzima ya kukaa nasi, na leo ndiyo siku bora tangu tuanze.

Ndoo imeshika. Tumeanza na konokono.

Pale wimbi linapogonga mwamba moja kwa moja kuna konokono mfupi mnene, mdomo wake umepanuka kama kikombe cha kahawa, amenata. Ukitaka kumbandua kwa kidole anajikaza zaidi. Jina lake la kisayansi ni *Spekia zonata*, na hiyo Spekia ni Speke, yule mpelelezi Mwingereza aliyefika ziwani hapa na mwenzake Burton Februari 1858. Speke alikuwa na macho mabovu wakati huo, karibu haoni, lakini magamba aliyoondoka nayo yaliwashangaza wataalamu Uingereza: yalikuwa mazito, yana matuta, yanafanana na ya baharini kuliko ya maji baridi. Mwaka 1859 yakapewa majina.

Kidogo chini ya hapo, ndani ya kidimbwi cha 3 na chini ya mawe, yuko mwingine mwenye matuta kama kitambaa cha kufumwa, *Lavigeria*. Nikawaambia vijana waokote magamba matupu tu, wasiguse wazima. Walileta 40. Nikatoa kioo cha kukuzia.

"Ticha, hili limeshonwa."

Kweli. Gamba linakwenda vizuri na matuta yake yaliyopangika, halafu ghafla kuna mstari uliochanika, kama ukingo wa karatasi iliyoraruliwa, na baada ya mstari matuta yanaanza upya hayalingani na ya kwanza. Tukaanza kuyatenga. Magamba 17 kati ya 40 yalikuwa na mshono. Moja lilikuwa na mishono mitatu.

Mzee akauliza kama tunataka kumwona mshonaji mwenyewe. Akapitisha kijiti kwenye ufa wa kidimbwi cha 3, akatoka kaa.

Ukizoea kaa wa baharini huyu atakushangaza kwa upole wa rangi. Kahawia ya tope, hana madoido. Ila gando lake la kulia lilikuwa kubwa kupita la kushoto, na kwa ndani lina vinundu kama magego. Hawa ni kaa wa ziwa hili peke yake, *Platythelphusa*, hawapo mahali pengine popote duniani. Tukamwekea *Lavigeria* mmoja mzima (ndiyo, nilivunja sheria yangu) na tukasubiri wote tumeinama, ndoo katikati, vichwa sita.

Alimchukua. Akamgeuza kwa miguu ya mbele kama mtu anayekagua embe sokoni, akautafuta mdomo wa gamba, akaingiza gando na kubana. Kipande kidogo kikakatika. Akamgeuza tena, akabana. Konokono alikuwa ameshajivuta ndani kabisa. Kaa akaendelea kumenya ukingo, kipande baada ya kipande, kwa dakika kama nane, kisha akamwacha, akaondoka kwa ubavu kurudi ufani. Yule konokono ndiye aliyeondoka na mshono wake. Sehemu iliyovunjika ataijenga upya, na mstari utabaki.

Kuna watafiti waliofanya jambo hilihili kwa umakini kuliko sisi, na walichokiona ni kwamba kaa wa ziwa hili wamekuwa na magando yenye nguvu na konokono wamekuwa na magamba mazito, kila upande ukimlazimisha mwenzake, kwa muda mrefu sana. Ziwa lina umri wa mamilioni ya miaka, muda umekuwepo. Hivyo sura ile ya kibaharini iliyowachanganya wataalamu haikutoka baharini. Kwa sehemu kubwa imetoka kwa kaa.

Yule kaa ana pengo kwenye mguu wa pili wa kushoto. Tumemwandika K3.

Jumamosi, 5 Oktoba

Siku fupi. Wakati tunapanga vitu, mzee alisema "Simama" kwa sauti ndogo sana, na ile sauti ndogo ndiyo iliyonitisha. Juu ya jiwe la mbele, hatua nne, alikuwa amelala fira wa maji. Mwili wa rangi ya udongo wa mfinyanzi, na shingoni mikanda michache myeusi iliyokolea. Hakutunisha shingo, hakutusogelea. Alituangalia, akateleza majini kama kamba inayovutwa kutoka upande wa pili, akapotea chini ya mwamba.

Ni nyoka mwenye sumu kali, na ni mpole. Anakula samaki na mchana kutwa yuko kazini. Wavuvi wa hapa wanamkuta amenasa kwenye nyavu, na hapo ndipo hatari yenyewe ilipo, si kwenye jiwe. Mzee alisema katika maisha yake yote ya majini amewaona wengi asiweze kuhesabu, na hajawahi kuumwa.

Kanuni mpya iliyoandikwa ukurasa wa mbele wa kauntabuku: hakuna kuingiza mkono kwenye ufa usiouona ndani. Kijiti kwanza. Na yeboyebo marufuku kwenye mawe yenye ukungu wa kijani, baada ya mimi mwenyewe kukaa kitako mbele ya wanafunzi wangu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Upepo. Mawimbi yanavuka kidimbwi cha 1 na cha 2, hakuna cha kuhesabu. Tumekaa kwenye mtini tunamtazama mdiria: anasimama hewani palepale, mabawa yanatetemeka, kichwa hakitikisiki hata kidogo, anadondoka. Mara tisa alidondoka, mara mbili alitoka na kitu.

Mama wa mwanafunzi mmoja alipiga simu kuuliza kuhusu kichocho. Nimemjibu ukweli: kipo, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani na vinyesi, hatari inapungua kwenye mwamba unaopigwa na wimbi lakini haiishi. Tunajifuta mara tukitoka, na wote tutapima Februari.

Jumamosi, 26 Oktoba

Leo samaki, na nitaandika kwa urefu kwa sababu usiku nilishindwa kulala kwa kufikiria samaki. Mke wangu ameshazoea.

Nje kidogo ya kidimbwi cha 3, pale ambapo wimbi linavunjika na povu linarudi, kuna samaki mfupi mwenye pua ya butu na madoa ya samawati usoni. Huwezi kudhani kuna kiumbe anaweza kukaa pale. Wimbi likija samaki wengine wanaondoka, huyu anabaki chini amejibana kwenye jiwe, likipita anaruka hatua mbili, anakwangua mwani, anasubiri lingine. Siri yake iko tumboni: kifuko cha hewa ambacho samaki huelea nacho, kwake kimedumaa. Haelei. Ni *Eretmodus*, na wafanyabiashara wa samaki wa mapambo wanawajua sana.

Wawili walikuwa pamoja, dume na jike, na mmoja shavu lake limetuna. Wanalea mdomoni. Samaki wengi wa mawe ya ziwa hili hufanya hivyo, jike anabeba mayai kinywani hadi watoto waweze kuogelea. Hawa wana jambo lao la ziada: jike anabeba siku za mwanzo, kisha anamkabidhi dume amalizie. Wasichana wetu wawili waliliandika hilo kwa herufi kubwa na kulipigia mstari. Wavulana walikaa kimya.

Hawavuki mchanga. Hili ndilo ninalotaka vijana walishike kuliko yote, na nilirudi nalo mara tatu hadi mzee akacheka. Kwa samaki wa mawe, ghuba ya mchanga ni jangwa. Akitoka pale hana pa kujificha. Kwa hiyo walio kwenye mawe ya hapa na walio kwenye mawe ya ng'ambo ya ghuba wanaishi kama watu wa visiwa viwili, vizazi kwa vizazi, hadi rangi zinatofautiana. *Tropheus* ndiye mfano mkuu. Ana sura za rangi zaidi ya mia kuzunguka ziwa lote, na anayejua vizuri anaweza kukuambia samaki huyu alitoka upande gani kwa kumtazama tu.

Halafu mzee akatuletea zawadi ya siku. Nyavu zake za jana zilikuwa na samaki wawili wembamba wasiouzika. Akasema, "Hawa ni wezi. Watazameni midomo." Mmoja mdomo umepinda kwenda kulia, mwingine kushoto, kama watu wawili waliokuwa wakinong'ona na kugandia hapo. Ni wala magamba. *Perissodus microlepis* hamli mwenzake, anampokonya magamba ubavuni kwa kumjia kwa nyuma. Mwenye mdomo uliopinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto, wa kushoto ubavu wa kulia. Mwaka 1993 Michio Hori, mtafiti wa Japani, alichapisha hesabu zake za miaka mingi: kundi moja likizidi, samaki wanaowindwa wanajifunza kuchunga ubavu ule, basi kundi la pili linanenepa, na mizani inarudi. Inapepesuka kuzunguka nusu kwa nusu.

Tulipasua matumbo yao kwa wembe. Yalijaa magamba, yamepangana kama sarafu kwenye kibubu. Mzee alituachia samaki na akakataa kushika yale magamba. Anasema chakula cha mwizi hakishikwi.

Jumamosi, 9 Novemba

Nadhani tumefika chini. Tangu 24 Agosti maji yameshuka sentimita 34 kwenye alama yetu ya mtini, na wiki hii hayajasogea. Nimemtumia binti wa dada yangu picha ya futi kamba: "Yamepwa."

Vidimbwi 7 vimebaki 5. Cha 6 kilikauka kabisa, na chini palikuwa na ganda la kerengende aliyefanikiwa kuruka. Cha 3 kina K3, *Lavigeria* 61, vifaranga vya ngege 20 na kitu, na samaki mmoja mwembamba aliyenasa tangu Septemba ambaye amekuwa mfalme mkali wa karai. Kila ukishusha ndoo anaipiga kichwa.

Alasiri ziwa lilikuwa shwari kabisa, mzee akatupeleka mita mia mbili nje kwa mtumbwi. Maji yalikuwa yamejaa konyeza. Wadogo, upana wa shilingi mia, mwangavu kama utando wa yai, wanajifunga na kujifungua. Tulichota watano kwenye ndoo ya kioo. Hawawashi. Mmoja wa wavulana alimwekea kidole chini akamwacha apande na kushuka.

Konyeza hawa walileta kelele kubwa kuliko konokono wa Speke. Walipoelezwa kitaalamu, Ulaya wakauliza: konyeza, mnyama wa bahari, anafanya nini katikati ya Afrika? Mwingereza mmoja, J. E. S. Moore, alikuja mara mbili, 1896 na 1899, akiamini ziwa hili lilikuwa mkono wa bahari ya kale uliokatika. Alikosea. Ziwa limezaliwa na ardhi kupasuka, Bonde la Ufa, na kina chake kimefika mita 1,470, lakini halijawahi kuwa bahari. Konyeza wa jamii hiyo wamekuja kuonekana pia kwenye maji mengine ya Afrika. Nampenda Moore hata hivyo. Alisafiri mbali kiasi hicho kuja kuuliza swali lilelile la binti wa dada yangu.

Jumamosi, 23 Novemba

Mvua tatu kubwa wiki hii.

Nimeandika sentensi hii mara kadhaa na kuikata. Basi niseme tu tulivyokuta. Juu ya mwambao wetu kuna mteremko ambao miaka mitano iliyopita ulikuwa na miti. Ulikatwa, kwanza kuni, kisha muhogo, na matuta yamelimwa kushuka na mteremko badala ya kukata mteremko. Mvua ya Jumatano iliufagia. Vidimbwi vya 4 na 5 si vidimbwi tena, ni uji. Nimeingiza rula: tope sentimita 11 kwenye cha 4. Mwani wa mawe, ule ambao *Eretmodus* anakwangua na konokono anaramba, umefunikwa na utando mwekundu, na ukiupangusa kwa kidole unarudi wimbi linapotulia. Konokono wa mwamba ule tuliwahesabu 88 Oktoba. Leo 19.

Mwenye shamba namfahamu. Ni mama mjane, ana wajukuu, na muhogo ule ndio ada ya mmoja wa wanafunzi wangu wanne. Mwanafunzi huyo alisimama kando ya kidimbwi cha 4 bila kusema neno. Sikuwa na la kumwambia pale. Jioni mzee alimpitia bibi yake, wakaongea Kiha barazani muda mrefu, mimi nikiambulia neno moja moja. Jumatatu tunapanda pamoja kupima mistari ya kontua, ile inayokata mteremko kwa usawa mmoja, kwa kamba na chupa ya maji, na kupanda majani ya tembo kwenye kingo.

Kidimbwi cha 3 kimesalimika kwa sababu mwamba wake umejitenga.

Jumamosi, 14 Desemba

Matuta ya bibi yamekamilika manne kati ya tisa. Mabega yanauma.

Kwenye jiwe la bapa juu ya kidimbwi cha 2 tumekuta kinyesi kilichojaa vipande vya magando na mifupa ya samaki, kinanuka vibaya. Fisi maji. Vijana hawakuamini hadi tulipoona nyayo kwenye tope, tope lilelile la shambani; walau limetusaidia kwa hilo. Kidimbwi cha 2 hakina kaa tena hata mmoja. K3 bado yupo kwenye ufa wake, na sitashangaa nikikuta siku moja gando lake tu.

Maji yamepanda sentimita 9.

Jumamosi, 18 Januari 2025

Ziwa limeingia cha 1 na cha 2. Vipimo tu leo, shule imefunguliwa na mimi nina madaftari mia na arobaini ya kusahihisha.

Jumamosi, 8 Februari

Tulifika saa moja asubuhi na tukakuta wimbi linapita juu ya ufa wa kidimbwi cha 3 bila kupiga chafya. Linapanda, linatulia, linarudi. Yule samaki mfalme alikuwa bado ndani. Wimbi lilimletea mlango wazi mara kumi na zaidi na kila mara alirudi kwenye kona yake kuulinda mwamba ambao si kidimbwi tena. Tulimtazama karibu saa nzima. Kisha kundi la samaki wa nje likaingia kukwangua mwani wake, akawafukuza, akawafuata nje ya ufa, na hakurudi.

K3 hatukumwona. Tulipitisha kijiti kwenye ufa wote, mzee akapitisha chake kwa mikono yake yenye subira kuliko ya kwetu. Kwenye kauntabuku mmoja wa wasichana ameandika "ametoka au ameliwa", akaweka tarehe.

Majibu ya kichocho: watano salama, mmoja anacho, na ni mimi. Nimeshameza dawa.

Mzee ameiazima ndoo. Anataka kuangalia kitu chini ya mtumbwi wake, siku mbili tu, alisema. Hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita, na nasikia vijana wa Katonga wanapanga foleni kuchungulia.